Kwanza Uliza Unakufaje: Kumpangia Nguvu Mpiganaji wa Brawl Stars

Jioni moja mpwa wangu aliweka simu yake juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya bisibisi na vioo vilivyopasuka, akasema, "Mjomba, nimefikisha sarafu 2000. Nimnunulie mpiganaji wangu Shelly nguvu ipi kati ya hizi mbili?"

Mimi ni fundi simu hapa Busia, upande wa Uganda. Kibanda changu mchana ni duka, jioni ni kijiwe. Vijana wa boda wa steji ya jirani huja kuchaji simu, na wakishakaa dakika mbili lazima mmoja afungue Brawl Stars, mchezo wa simu wa mapigano. Basi swali la mpwa wangu lilijibiwa na watu wanne kabla sijafumbua mdomo, na kila mmoja alikuja na lake. Wa kwanza alitaja nguvu anayoitumia bingwa mmoja wa video anayemfuatilia. Wa pili alitaja ile yenye tarakimu kubwa zaidi kwenye maelezo. Wa tatu alisema usinunue kitu, pandisha levo. Wa nne alikuwa anakula rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai, akaigusa ile ya kushoto kwa kidole chenye mafuta, bila maelezo yoyote.

Hakuna aliyemwuliza kijana huwa anakufaje.

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile, na kadiri ninavyowatazama watu wakicheza ndivyo ninavyozidi kuona kwamba sarafu nyingi hupotea kwa kulikwepa. Mtu hununua nguvu kwa sababu inavutia, au kwa sababu aliyempiga jana alikuwa nayo. Pengo lililomuua linabaki wazi vilevile, na kesho anauawa kupitia pengo lile lile akiwa na pambo jipya.

Kwa asiyeujua mchezo, nieleze kwa kifupi. Brawl Stars ni wa Supercell, kampuni ya Helsinki, Ufini, na ulitoka kwa dunia nzima Desemba 2018. Unachagua mpiganaji mmoja kati ya zaidi ya 80, unaingia uwanjani, mara nyingi watatu kwa watatu, na mechi huisha ndani ya dakika tatu hivi. Ufupi huo ndio ulioufanya upendwe stejini. Mtu anamaliza mechi kabla abiria hajatokea. Na abiria akitokea mapema, wenzake wawili wanabaki wakimlaani kimoyomoyo.

Kila mpiganaji ana damu yake, kipigo chake, umbali wa risasi zake, na supa, lile shambulio kubwa linalojaa kadiri unavyowapata maadui. Juu ya hapo unamwongezea vitu. Kuna levo, kuanzia 1 hadi 11. Levo ya 7 inafungua gajeti, kitufe cha hila moja ya ziada: kuruka mbele, kujaza risasi papo hapo, na kadhalika. Levo ya 8 inafungua nafasi ya gia, nyongeza ndogo inayojiendesha yenyewe, na nafasi ya pili ya gia hufunguka levo ya 10. Levo ya 9 inafungua nguvu ya nyota, ambayo hubadilisha tabia ya mpiganaji. Levo ya 11 inafungua haipachaji, nitakayoigusa mbele. Mpiganaji ana gajeti mbili na nguvu za nyota mbili za kuchagua, lakini uwanjani anaingia na moja tu ya kila aina. Mkusanyiko huo wa uchaguzi ndio wachezaji wanauita bildi.

Wanaocheza omweso, bao la Waganda, hawahitaji maelezo marefu hapa. Ubao una mashimo 32 na kete 64; kila mchezaji ana kete 32 na mashimo yake 16. Kabla ya kuanza, wa kwanza huzipanga kete zake zote apendavyo upande wake, halafu wa pili naye hupanga zake. Hakuna aliyemzidi mwenzake hata kete moja, lakini mzee akikaa mbele ya mtoto, ule mpangilio tu unakuonyesha nani ataliwa. Na aliyepanga wa pili ana faida ya kuona mwenzake alivyojipanga.

Tofauti ni kwamba katika omweso ukikosea unazikusanya kete na kuanza upya. Katika Brawl Stars sarafu ikitoka imetoka. Ukiwa na gajeti zote mbili unaweza kuzibadilisha kila mechi, bure, lakini ukinunua usichokihitaji hakuna wa kukurudishia. Zamani mengi yalikuwa bahati nasibu: ulifungua masanduku na ukachukua kilichotoka. Desemba 2022 Supercell waliyaondoa masanduku hayo. Zawadi za kubahatisha bado zipo, lakini sehemu kubwa ya safari sasa ni ya kununua kwa kuchagua, na ndiyo maana kosa la kuchagua linauma kuliko zamani. Zamani ungemlaumu bahati.

Levo mbili za mwisho

Nianze na yule aliyesema pandisha levo, maana ushauri wake ndio unaosikika sana, na si mbaya. Ila una mahali pa kukomea.

Kila levo inaongeza asilimia 10 ya damu na kipigo alivyoanza navyo mpiganaji. Yashike hayo maneno "alivyoanza navyo." Nyongeza haihesabiwi juu ya ulipofika, inahesabiwa juu ya levo ya 1. Aliyeanza na 100 anakuwa 110, kisha 120, kisha 130. Levo ya 9 ana 180, levo ya 11 ana 200. Kwa hiyo kutoka levo ya 1 kwenda ya 2 unakuwa na nguvu kwa asilimia 10 kamili, lakini kutoka ya 10 kwenda ya 11 unatoka 190 kwenda 200, yaani asilimia 5 na ushee tu.

Bei nayo inakwenda kinyume. Mpiganaji wangu kumtoa levo ya 1 hadi ya 9 alinigharimu jumla ya sarafu 3090. Levo ya 10 peke yake ilikuwa 1875, na ya 11 ilikuwa 2800. Jumlisha hizo mbili: 4675, zaidi ya levo nane zote za mwanzo, ili nipate ongezeko la kutoka 180 hadi 200. Hiyo ni kama asilimia 11.

Sasa tazama sarafu hizo hizo 4675 zingefanya nini kwa mtu aliyesimama levo ya 9. Gajeti ni 1000. Nguvu ya nyota ni 2000. Gia ya kawaida ni 1000. Hizo ni 4000, na chenji ya 675 inabaki. Mmoja ana asilimia 11 ya kila kitu, mwingine ana kitufe cha kuruka, tabia mpya na kinga. Mimi nimecheza pande zote mbili, na kwa wapiganaji wengi niliowahi kuwashika, aliye levo ya 9 akiwa amekamilika alinipa ushindi mwingi kuliko aliye levo ya 11 akiwa mtupu. Usisahau pia pointi za nguvu, ambazo huliwa pamoja na sarafu: kufika levo ya 9 unahitaji 1410, na hizo levo mbili za mwisho zinakula 2330 zaidi.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu: mbio hadi levo ya 9, kamilisha mpiganaji, halafu levo mbili za juu zije baadaye kama kweli unampenda. Wanaopinga huniambia kwamba juu kwenye vikombe vingi, yaani kwa waliokwisha kushinda mechi nyingi, kila mtu ana levo ya 11 na wewe utaliwa. Kweli, na sababu yake ndiyo hesabu inayofuata.

Hesabu ya risasi

Hapa Busia mizigo huvuka mpaka kwa kila namna ya chombo, kwa hiyo nikupe mfano wa mkokoteni. Una kilo 700 za mahindi, mkokoteni unabeba 300. Utafanya safari tatu. Ukiuongezea uwezo ubebe 340, bado ni safari tatu. Umelipa fundi bure. Ukifika 350, ghafla ni safari mbili. Kilo 10 za mwisho ndizo zilizofanya kazi yote.

Kipigo ndivyo kilivyo. Mchezo haujali umempunguzia adui damu kiasi gani, unajali ameanguka au hajaanguka. Tuseme, kwa tarakimu za mfano tu, risasi yako inatoa 2000 na adui ana damu 6000. Anaanguka kwa risasi tatu. Ukiongeza kipigo kwa asilimia 10, unatoa 2200, na adui bado anaanguka kwa risasi tatu. Hujapata chochote kwake. Sasa chukua adui mwenye damu 6200. Kwa 2000 anahitaji risasi nne, maana tatu zinafika 6000 na anabaki na kijidamu cha 200 cha kukukimbia nacho. Kwa 2200, tatu zinafika 6600, amelala.

Na tofauti ya tatu na nne si ndogo kama inavyosikika. Wapiganaji wengi wana akiba ya mashambulio matatu, kisha lazima wasubiri yajae. Anayeua kwa matatu anamaliza kazi kwa pumzi moja. Anayehitaji la nne anasimama akiwa mtupu mbele ya mtu aliyejeruhiwa na mwenye hasira, na hapo ndipo vijana wangu wengi hufia, huku wakipiga kelele kwamba simu imekwama.

Ukiligeuza jambo hilo upande wa pili utaielewa gia ya kinga. Inakupa damu ya ziada 900 inayoliwa kabla ya damu yako mwenyewe, na inajirudishia ukishajaa damu. Mia tisa kwa mpiganaji mnene si kitu cha kusimulia. Lakini rudi kwa yule wa 6000 anayelala kwa risasi tatu za 2200: ukimpa 900 anakuwa 6900, na tatu hazitoshi tena. Umemlazimisha mwenzako atafute risasi ya nne ambayo hana. Ndiyo maana gia hiyo, kwangu, ni ya kwanza kununuliwa kwa wapiganaji wengi wa damu ya kati.

Ndiyo maana pia levo ya 11 inauma huko juu. Kule kila mtu ana levo hiyo, na hesabu za nani anakufa kwa risasi ngapi zimepangika kwa tarakimu za levo ya 11. Ukiingia na levo ya 9 unajikuta kwa maadui fulani unahitaji risasi moja zaidi, na wao kwako wanahitaji moja pungufu. Kwa maadui wengine hakuna tofauti kabisa. Anayesema levo haina maana na anayesema levo ndiyo kila kitu wote wawili wamemkumbuka adui mmoja tu.

Zipo asilimia zinazodanganya kwa namna nyingine: zina masharti. Gia ya kipigo inakuongezea asilimia 15, na yule kijana anayependa tarakimu kubwa aliinunua siku hiyo hiyo alipofungua nafasi. Hakusoma mwisho wa sentensi: inafanya kazi damu yako ikiwa chini ya nusu tu. Kwa mpiganaji anayeishi akiwa nusu mfu, anayejibanza, anayejiponya na kurudi, ni nzuri. Kwa mpiganaji mwepesi ambaye akifika nusu ya damu kazi yake ni kukimbia, asilimia 15 hiyo inampigia nani? Gia ya kasi nayo inafanya kazi ndani ya vichaka. Kwenye ramani ya vichaka tele ni balaa. Kwenye ramani tupu umebeba mwavuli kiangazi. Ile ya kuponya, inayoongeza kasi ya kujirudishia damu kwa nusu, haina sharti la mahali, lakini inataka uwe mtu wa kurudi nyuma: damu haianzi kurudi mpaka upitishe sekunde kama tatu bila kupiga wala kupigwa. Mchezaji asiyejua kurudi nyuma ameinunua kwa ajili ya mtu mwingine.

Nguvu za nyota na jina la kifo

Turudi kwa Shelly wa mpwa wangu. Shelly ni wa bunduki ya marisau: karibu anaua, mbali anapuliza vumbi. Nguvu zake mbili za nyota ni Shell Shock, inayowapunguza mwendo maadui waliopigwa na supa yake, na Band-Aid, inayomrudishia damu papo hapo akishuka chini ya asilimia 40, kisha inajijaza tena baada ya muda.

Ukiuliza ipi bora, utajibiwa hadi kuche. Ukiuliza Shelly huyu anakufaje, swali linajibika. Kama anakufa kwenye mapigano ya ana kwa ana, akibakiza adui na kijidamu kidogo, basi Band-Aid, maana ndiyo inayomwongezea ile risasi moja ya kuvumilia. Kama maadui wanamponyoka baada ya kupigwa supa, wanakwenda kujiponya, kisha wanarudi kummaliza, basi Shell Shock. Na kama anakufa akiwa njiani, akipigwa kutoka mbali kabla hajamfikia mtu, basi hakuna kati ya hizo mbili itakayomsaidia. Anachokosa ni njia ya kufika, na njia hiyo ni gajeti ya Fast Forward, inayomrusha mbele.

Nilimpa mpwa wangu daftari la risiti na kalamu. Nikamwambia acheze mechi 20, na kila akifa aandike neno moja la sababu. Alinung'unika, akasema hiyo ni homuweki, lakini aliandika. Matokeo hayakuwa yale aliyoyategemea. Yeye alikuwa anaapa kwamba maadui wanamponyoka. Daftari lilisema "mbali," "mbali," "kichaka," "mbali," "mtandao," "mbali." Vifo vya kuponyokwa vilikuwa vichache, vilimkaa kichwani kwa sababu vinaudhi. Kichwa hukumbuka kilichoudhi zaidi kuliko kilichotokea mara nyingi, na hiyo ndiyo sababu nashikilia kuandika.

Njia hiyo hiyo inafanya kazi kwa wengine. Colt hupiga risasi sita kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo anayemkwepa kwa hatua moja pembeni ameikwepa karibu yote. Nguvu yake moja, Slick Boots, inamwongezea mwendo. Nyingine, Magnum Special, inaongeza umbali na kasi ya risasi. Daftari likisema "wananifikia," vaa viatu. Likisema "nawaona lakini siwapati," chukua ya pili. Ila kuna kitu watu hawakioni kuhusu viatu: Colt anayetembea upesi pia analenga vizuri zaidi, maana unausogeza ule mstari wa risasi kwa miguu yako, ukimfuata adui anavyokwepa. Mimi nilikuwa naamini mwendo ni wa kukimbilia tu, mpaka kijana mmoja wa boda, ambaye huendesha pikipiki kama anavyocheza, aliponionyesha.

Poco ni habari nyingine, kwa sababu bildi yake inategemea watu wengine. Nguvu yake ya Da Capo inayafanya mashambulio yake ya kawaida yawaponye wenzake. Screeching Solo inaifanya supa yake iwaumize maadui. Ukicheza na watu mnaokaa benchi moja, mkiambizana "rudi, rudi, nakuponya," Da Capo ni kama kuwa na mganga wa timu. Ukicheza peke yako na wageni waliotawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe, utamponya nani? Hapo ninaichukua ya pili bila aibu, ingawa orodha nyingi za mtandaoni zitakwambia ya kwanza ndiyo sahihi daima.

Aina ya mchezo nayo inasukuma jibu. Kwenye kukusanya vito, timu inahitaji vito 10 na kuvishikilia hadi sekunde 15 ziishe. Anayevibeba hatakiwi kufa hata kidogo, kwa hiyo kila kitu chake kiwe cha kubaki hai. Kwenye kuvunja sefu, sefu haikimbii, kwa hiyo nguvu ya kumpunguza adui mwendo haisaidii chochote mbele ya sefu yenyewe, na Colt anayemwaga risasi zote sita kwenye kitu kilichosimama anakuwa mtu mwingine kabisa. Kwenye mpira, anayefunga mabao mawili ameshinda, na gajeti ya kuvunja ukuta inaweza kuwa na thamani kuliko damu 900. Hapa ndipo yule wa pili wa omweso anapokuwa na maana: ukiiona ramani kwanza, ndipo upange.

Mtandao wa jioni

Kuna jambo ambalo video za wazungu hazilisemi, kwa sababu kwao halipo. Kila ukigusa kioo, amri yako inasafiri hadi kwenye seva iliyo mbali sana na Busia, kisha majibu yanarudi. Asubuhi mapema mambo yanakwenda. Saa mbili usiku, mji mzima ukiwa mtandaoni, ile alama nyekundu ya mtandao inawaka pembeni na mpiganaji wako anatembea kama anayevuta miguu kwenye matope.

Katika hali hiyo, bildi bora ya kwenye karatasi inaweza kuwa mbaya mkononi. Gajeti ya kuruka inahitaji wakati sahihi. Ukichelewa nusu sekunde unaruka kuingia kwenye risasi ulizotaka kuzikwepa. Band-Aid haikusubiri wewe, inawaka yenyewe damu ikishuka. Gia ya kinga haina kitufe. Mnara wa bunduki wa mpiganaji Jessie unaendelea kupiga hata wewe ukiwa umeganda. Ndiyo maana kwenye daftari ni lazima "mtandao" uandikwe kama sababu inayojitegemea, na ikiwa inatokea mara nyingi, nunua vitu vinavyojiendesha. Mchezaji wa Helsinki hana haja ya ushauri huu. Sisi tunayo.

Hata kujaribu kuna gharama. Kuanzia Julai 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 ikaondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Kila anayesema "jaribu tu utajua" anasema hivyo kwa bando la mtu mwingine. Mimi ninapotaka kuhesabu risasi ninaanzia uwanja wa mazoezi, kwa maroboti, wala siendi kuchoma mechi kumi za kweli kujua jambo ambalo roboti lililosimama lingeniambia.

Kuhusu zile orodha za "bildi bora": zina faida. Zinaokoa muda, hasa kwa mpiganaji usiyemjua kabisa. Lakini Supercell hurekebisha tarakimu za wapiganaji mara kwa mara, huyu akipunguzwa damu, yule akiongezwa kipigo, na marekebisho madogo ya namna hiyo ndiyo yanayoigeuza ile hesabu ya risasi tatu kuwa nne. Hata mifumo mizima imebadilika: zamani gajeti ilikuwa na idadi maalumu ya kutumika kwa mechi, sasa inajijaza kwa muda. Ukikuta orodha, angalia kwanza imeandikwa lini, halafu uliza inamzungumzia mchezaji wa aina gani. Mara nyingi ni mtu mwenye timu kamili, simu ya nguvu na mtandao usiokatika, anayepambana na wenzake wa namna hiyo hiyo.

Imebaki haipachaji. Inajaa kama supa inavyojaa, na ukiiwasha, kwa sekunde chache unapata mwendo, kipigo na kinga zaidi, na supa yako inabadilika kuwa kali zaidi. Ni tamu. Pia ni sarafu 5000, na inataka levo ya 11, kwa hiyo bei yake halisi kwa mtu aliye levo ya 9 ni 5000 na zile 4675: jumla 9675. Kwa fedha hiyo ungemfikisha mpiganaji wa pili levo ya 9 akiwa na gajeti, nguvu ya nyota na gia mbili za kutumia moja moja kwa zamu, na bado ungebaki na zaidi ya 1500. Kwa mtu mwenye mpiganaji mmoja wa moyoni anayemchezea kila siku, sina la kumkataza. Kwa kijana anayebadilisha wapiganaji kama mashati, asubiri.

Mpwa wangu alinunua Fast Forward kwa sarafu 1000, na zilizobaki akanunua gia ya kinga. Nguvu ya nyota, ile aliyokuja kuniulizia, hakuinunua siku hiyo. Amerudi na daftari wiki hii: "mbali" zimepungua, "kichaka" zimepanda, na "mtandao" ziko pale pale. Sasa anauliza kama gia ya kuwaona waliojificha vichakani inamfaa Shelly, au ajifunze tu kupiga vichaka kabla ya kuviingia. Mimi nimesema ajifunze. Yule wa rolex bado anasema ya kushoto.